Bawabu, Shahidi na Hati ya Siku Tisini

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya bara, akishaipita Mikese na kuanza kuiona safu ya Uluguru ikiinuka mkono wake wa kushoto, hufika Kingolwira kabla hajaingia mji wa Morogoro. Na kwa kuwa mji u karibu na safari imekwisha kumchosha, aghalabu hupapita mahali hapo pasipo kugeuza shingo. Yeye huona stesheni ya reli ya zamani, mashamba, maduka ya kando ya barabara na njia iendayo gerezani, akaenda zake. Walakini viunga hivi vya Morogoro vimeshuhudia, kwa muda upitao karne moja na nusu, mabishano ya namna moja yakirudi kila zama kwa vazi jipya: mtu amesimama langoni akitaka kupita, na mwingine amesimama upande wa pili akimwuliza, "Nani anakushuhudia?"

Fikira hiyo ilinijia kwa sababu ya kazi ndogo niliyopewa. Taasisi moja ya elimu ya huku iliniomba niitazamie tovuti yake, ambamo wazazi husoma matokeo ya watoto wao na kujua ada wanazodaiwa. Seva ya tovuti ile ilikaa ndani ya mtandao wa ofisi kubwa zaidi, nyuma ya faiawoli, yaani ule ukuta wa programu upimao kila ujumbe uingiao na utokao na kuukataa usio na idhini. Usiku mmoja wa Jumamosi cheti cha usalama cha tovuti kikafikia ukomo wake, na hata kulipokucha Jumatatu kila mzazi aliyeifungua katika simu yake alikutana na onyo kwamba muunganisho wake si salama. Mzee mmoja akapiga simu kuuliza kama wameingiliwa na wezi. Karani akamjibu kwa upole, "Shikamoo mzee, usiwe na wasiwasi, bonyeza tu pale pa kuendelea." Jibu lile lilitoka katika moyo mwema, lakini mimi niliyelisikia nilifadhaika kuliko yule mzee.

Cheti kilitakiwa kufanywa upya, na programu iliyowekwa kwa kazi hiyo ilikuwa imejaribu usiku baada ya usiku isifanikiwe, kwani mlango iliouhitaji ulifungwa. Nilikwenda kwa fundi wa mtandao, binti mwenye dhamana ya ule ukuta, nikamwomba aufungue. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, nikikufungulia wewe leo, kesho nitamkatalia nani?" Sikuwa na hoja ya kumshinda, wala sikuona kwamba amekosea. Niliondoka nikiyafikiri malango mengine yaliyowahi kusimama chini ya mlima huu.

La kwanza ni lango la Kisabengo. Katikati ya karne ya kumi na tisa mtu huyo, aliyekuwa na nguvu za mwili na ufasaha wa ulimi, alijenga mji wenye boma kando ya mto Ngerengere, akauacha kwa binti yake Simbamwene, ambaye jina lake wageni waliuita mji wenyewe. Henry Morton Stanley aliufikia Aprili 1871, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone, akaandika juu ya kuta zake za mawe, minara minne ya pembeni, na malango yake manne yaliyoelekea pande nne za dunia, yenye milango ya mbao nzito iliyotiwa nakshi kama ile ya Unguja. Mtu angeweza kudhani kwamba boma lile lilijengwa kwa ajili ya vita peke yake. La, hasha! Misafara ya pembe na nguo ilipita chini yake mwaka hata mwaka, na nguvu ya mtawala ilikuwa katika kujua nani apite, kwa masharti gani, kuliko kuwazuia watu wote.

Sharti lenyewe liliitwa hongo. Neno hilo leo limeangukia aibu, maana twalitumia kwa rushwa itolewayo gizani, lakini siku zile lilikuwa ada ya wazi, iliyotolewa mchana mbele ya mashahidi, na aliyeilipa alipata amani ya njia. Wajumbe wa Simbamwene walipomwendea Stanley kuidai, yeye aliwajibu kwamba msafara wake mwingine, uliomtangulia chini ya mtu wake, ulikwishailipa, na kwamba malipo yale yalitosha kwa wote. Hapo pana mas'ala ambayo kila mtunza tovuti ayajua hadi leo: je, hati iliyotolewa kwa jina moja yafaa kwa majina yote ya nyumba ile? Katika zama zetu jibu limewekewa kanuni, kwamba cheti hufaa kwa majina yaliyoandikwa ndani yake tu, na anayetaka kimoja kitakachoyafunika matawi yote ya jina lake hutakiwa kutoa ushahidi ulio mzito zaidi. Zama za Simbamwene hapakuwa na kanuni ya kuamua, ilikuwa hoja kwa hoja na bunduki zikionekana. Mwaka uliofuata, 1872, Ngerengere ikafurika furiko kubwa na kuusomba ukuta wa mbele wa mji ule. Ukuta ukaenda na maji, lakini desturi ya kuuliza hati ikabaki.

Wasafiri wenye hadhi walibeba pia barua za Sultani wa Unguja. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walikuwa na barua za Sayyid Majid na askari wake Mabulushi. Barua ya namna ile haikusema neno kwa nafsi yake, bali ilipata nguvu kwa sababu msomaji alimjua na kumwamini aliyeipiga muhuri. Pwani na katika vituo vya Waarabu wa bara iliheshimiwa, na penginepo, ambapo mtawala hakuona sababu ya kumtii Sultani, ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine. Huu ndio msingi wa vyeti vyote: watu wawili wasiojuana huaminiana kwa njia ya mtu wa tatu ambaye wote wawili wamjua, na asipojulikana kwa mmoja wao, hati yake haina kazi.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Nayo Kingolwira ikapata stesheni na mwenye dhamana wa kuitunza. Njia ilikuwa moja, na garimoshi mbili haziwezi kupishana juu ya njia moja, kwa hiyo ilibidi pawe na ithibati kwamba sehemu ya mbele i tupu. Stesheni masta hakuruhusu garimoshi kuondoka kwa kuwa yeye aiona njia nyeupe. Alimwuliza kwanza mwenzake wa stesheni ifuatayo, naye akikubali ndipo dereva alipopewa idhini mkononi, iwe karatasi au tokeni ya chuma, kwa kadiri ya utaratibu uliotumika. Idhini ile ilihusu kipande kimoja cha njia na safari moja tu. Garimoshi ikifika, idhini imekwisha, na kwa safari nyingine huombwa nyingine. Hakuna dereva aliyelalamika kwamba anasumbuliwa kwa kuombewa upya kitu alichokuwa nacho jana, maana alijua ni maisha ya watu yanayolindwa.

Si kila hati iliyopita hapa ilikuwa na heshima hiyo. Katani iliingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ikatanda Tanga na baadaye Morogoro, na mashamba kama Tungi na Pangawe yakahitaji mikono mingi. Mtu wa katani alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na kila siku aliyoitimiza ikatiwa alama, na ujira ukamngojea mpaka zitimie zote. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kipande kilicho kichungu zaidi, ambacho tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba, kikiwa na alama za vidole vyake na maneno ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, yule mtu alihesabiwa mtoro. Hapa hati ilimfunga aliyeibeba. Mwenye nguvu aliuliza, mnyonge akajibu, wala mnyonge hakuwa na ruhusa ya kumgeukia aulizaye na kumwambia, "Na wewe, hati yako i wapi?"

Katika miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ilianzisha Kingolwira kambi ya wafungwa iliyotofautiana na magereza yaliyozoeleka, maana watu walilima mashamba pasipo kuzungukwa na ukuta mrefu, nao walinzi wakategemea zaidi nidhamu na ahadi kuliko mawe. Gereza la kilimo lingalipo, na kwa wengi nchini jina la Kingolwira ni jina lake. Sitaki kulipamba, maana kifungo ni kifungo. Lakini mahali pasipo na ukuta palinifundisha jambo moja, kwamba imani ya namna ile haiwekwi mara moja ikaachwa, bali hufanywa upya kwa kuhesabu watu asubuhi na kuwahesabu tena jioni, na siku itakapoachwa kuhesabiwa, hapo ndipo itakapokwisha.

Sasa natufike katika zama zetu. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha jinsi watu wawili wanavyoweza kupatana siri wakiwa wanasikilizwa na wote, na wakaleta fikira ya ufunguo wa hadharani. Likabaki swali la bawabu: nitajuaje kwamba ufunguo huu ni wa fulani, wala si wa mwizi aliyejitia jina lake? Mwaka 1978 mwanafunzi wa chuo cha MIT, Loren Kohnfelder, alipendekeza katika tasnifu yake kwamba mtu wa tatu atie sahihi hati inayounganisha jina na ufunguo, akaiita cheti. Ni barua ya Sayyid Majid iliyorudi kwa hesabu. Mwaka 1988 pakawekwa muundo wa kawaida wa vyeti hivyo, na mwaka 1995 kampuni ya Netscape ikavitia katika kivinjari chake, hata ikawa kila kivinjari kina orodha ya mamlaka zinazoaminika, na cheti kisichotoka kwao hukataliwa.

Kwetu mambo hayo yalikuwa mbali hadi mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukayafikisha mawasiliano mikoani. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo sahihi isiyo ya wino ikapata nafasi katika sheria. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mamlaka mpya iitwayo Let's Encrypt ilitoa cheti chake cha kwanza, ikivigawa bila malipo, na hilo kwa taasisi ndogo za vijijini lilikuwa neema kubwa, kwani kabla ya hapo cheti aghalabu kilinunuliwa kwa fedha za kigeni.

Vyeti vya bure vilikuja na muda mfupi wa siku 90, na wengi waliuona kuwa udhia. Lakini waliokumbuka yaliyotokea mwaka 2011 hawakushangaa. Mwaka ule wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimojawapo cha jina la Google, kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Nayo kampuni ile, ikiisha kupoteza imani ya vivinjari, ikafilisika katika mwezi wa Septemba. Hati ya uongo yenye umri wa miaka mitatu hudhuru miaka mitatu. Kwa sababu hiyo umri wa vyeti umezidi kupunguzwa: mwaka 2020 ukawa siku 398, na mwezi wa Aprili 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari wakakubaliana ushuke hadi siku 200 tangu Machi 2026, siku 100 tangu Machi 2027, na siku 47 tangu Machi 2029. Cheti kinakuwa kama ile idhini ya dereva wa garimoshi, cha safari fupi, kisha kiombwe tena.

Na kinaombwaje? Mamlaka haimjui mwombaji kwa sura, kwa hiyo humpa neno la kipekee na kumwambia aliweke mahali fulani ndani ya tovuti yake, kisha yenyewe huja kulitazama kwa mlango namba 80. Akiweza kuliweka, basi nyumba ni yake. Tena tangu mwaka 2020 Let's Encrypt haiji kutoka mahali pamoja, bali huwatuma mashahidi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ili mwizi aliyeziba njia moja asiidanganye, wala haitangazi anwani za mashahidi hao, na huzibadili. Hapa ndipo palipozaliwa ugomvi wangu na yule binti. Ukuta wake ulikuwa na orodha ya wageni walioruhusiwa, na wageni hawa hawawezi kuandikwa katika orodha, kwani hawatoi majina yao mapema. Bawabu mwaminifu aliwazuia mashahidi waaminifu, na nyumba ikakosa hati ya kuwaonyesha wageni wake.

Nilirudi kwake baada ya siku mbili, safari hii bila kuomba mlango. Nilimweleza kwamba iko njia ya pili, ambayo shahidi haingii ndani hata kidogo: neno la kipekee huandikwa katika daftari la majina ya mtandao, ambalo liko nje ya ukuta na husomwa na dunia yote, chini ya jina maalumu lililotengwa kwa shughuli hiyo. Anayeweza kuliandika humo ndiye mwenye jina, na ni ushahidi huu ndio unaotakiwa kwa vyeti vifunikavyo matawi yote. Akauliza maswali ya haki. Ufunguo wa daftari utakaa wapi? Ukiibwa, mwizi ataweza nini? Tukapatana kwamba jina lile moja lielekezwe kwenye daftari dogo la pembeni, na ufunguo utakaokaa katika seva uweze kuandika humo tu, usiguse jambo jingine. Akakubali pia seva iruhusiwe kutoka nje, kwa mlango namba 443, kwenda kuzungumza na mamlaka ya vyeti na lile daftari dogo tu. Ukuta haukutobolewa mahali popote pa kuingilia.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Tulikaa mbele ya kioo tukitafuta kosa, hata yeye akaitazama saa ya seva, akaguna. Betri ndogo iitunzayo saa ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika wiki ile mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani, nao ukuta ulikuwa umeizuia isiulize saa kwa wengine. Kwa mashine iliyo katika mwaka uliopita, kila cheti cha leo ni hati ya siku isiyokuja bado. Tukairekebisha saa, akairuhusu iulize majira, tukarudia. Katika daftari ukatokea mstari wa alama 43, zisizo na maana kwa jicho la mwanadamu, ukakaa hapo kwa dakika kadhaa, ukasomwa na mashahidi tusiowaona, ukafutwa. Cheti kikawa kimekuja. Yule binti akaandika tarehe katika daftari lake la karatasi, na chini yake tarehe ya siku ya 60 tangu siku ile, ambapo kitafanywa upya pasipo kungoja ukomo.

Nikitoka pale, minara ya mawasiliano ya kilele cha Bondwa ikionekana juu ya mji, niliyapanga malango yote yale katika fikira, nikaona tofauti iliyo kubwa. Kwa Simbamwene mgeni ndiye aliyetoa hongo. Katika njia ya Unguja mgeni ndiye aliyebeba barua. Katika katani mfanyakazi ndiye aliyebeba kipande. Cheti cha tovuti kimegeuza desturi hiyo ya kale, kwa sababu hapa nyumba yenye nguvu, yenye seva na ukuta na mafundi, ndiyo itakiwayo kumwonyesha hati mgeni asiye na kitu mkononi ila simu yake. Mzee aliyeliona onyo na kusita alikuwa akiitumia haki ambayo watu wa kipande hawakuwa nayo. Kumwambia abonyeze aendelee ni kumwomba airudishe haki ile, na akizoea kuirudisha kwetu sisi waaminifu, atairudisha pia kwa mwizi atakayevaa jina letu. Ndiyo maana nasema kwamba kufanya upya cheti kwa wakati ni deni la mwenyeji kwa mgeni wake, na ukuta wowote, hata uwe na hekima kiasi gani, haujakamilika mpaka upatikane utaratibu wa shahidi kuifanya kazi yake.

Tangu siku ile cheti kimefanywa upya mara kadhaa, wala hakuna mzazi aliyepiga simu. Mwezi uliopita yule mzee alifika mwenyewe kwa shughuli ya mjukuu wake. Mlinzi wa getini akamwamkia, akamfungulia daftari la wageni, naye akavaa miwani, akaandika jina lake, mahali atokako, na saa aliyofika, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Nilimtazama nikiwa barazani. Katika lango hili yeye alikuwa ametoa hati yake kwa adabu na bila kunung'unika, nami nikatazama tarehe katika simu yangu nikaona kwamba katika lango lile jingine zimesalia siku kumi na moja kufika zamu yetu.